Moshi Huzoleka

Miaka kumi na tisa chini ya turubai,
na panya wamezaa humo ukoo mzima
ndani ya sufi ya kiti cha nyuma.
Jarkko alipolifunua hakusema neno.
Alifuta boneti kwa kiwiko, akauona uso wake,
mnene kuliko ule aliouacha hapo.

Uusikaupunki, mwezi wa Machi. Bahari bado ni sakafu.
Saab hii ilizaliwa hapahapa, mwendo wa baiskeli kutoka banda letu;
mimi mwenyewe, zamu ya usiku, nilikuwa nikifunga milango,
labda hata huu wa kushoto
ambao tangu mwanzo haukuwahi kukaa sawa.

Alianza na tangi. Petroli ilishageuka vanishi,
inanuka kama duka la viatu lililoungua.
Breki zimeng'ang'aniana kama warithi.
Mipira ya rejeta ikamegeka vidoleni.
Kila boliti na kesi yake:
hii ilitaka moto, hii ilitaka mafuta na kubembelezwa,
moja ikakatika shingo,
na kutoka bandani nikasikia tusi nililomfundisha mimi.

Tabo aliileta jikoni ndani ya taulo,
akailaza juu ya meza ninayopasulia samaki.
Konokono wa chuma. Akaugusa upanga wake kwa kidole kimoja,
ukazunguka, ukakwaruza, ukakwama.
"Tazama, mama. Moshi unaotoka, ule wa kutupwa,
unapita huku, unazungusha hiki,
na hiki kinasukuma hewa mpya kifuani mwa injini."
Miaka ishirini na sita kiwandani,
hakuna aliyewahi kumweleza fundi wa milango.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tulivyolelewa.
Kuhusu moshi hawakusema kitu.

Kufikia Mei mikono yake ilikuwa haitetemeki tena asubuhi.
Sikuuliza. Nilihesabu tu makopo ya soda ya limau
yaliyopangwa dirishani pa banda,
na beringi mpya, na gasketi,
na bili.

Siku ya kuwasha, stata ilizunguka, ikazunguka,
wala cheche.
Akafungua kofia ya distributa.
"Rota haipo," akasema,
na hakuwa akiliambia gari.

Viazi vilikuwa vinachemka. Nikazima jiko.
Nikapanda juu, nikateremsha kopo la vifungo,
nikachimba: vya makoti, vya sare ya kiwanda,
kimoja cha lulu, cha gauni nililoolewa nalo,
mpaka chini kabisa,
kipande cha plastiki nyeusi, hakizidi kidole gumba.

Usiku ule alikuwa amelewa,
barabara ni kioo,
na kuna msichana Lokalahti anamngoja.
Kesho yake nikasema gari limekufa.
Akapanda basi la Oulu
na hakuandika kwa miaka sita.

Nikamwekea kiganjani.
Alikitazama sana, akakipangusa kwa ncha ya shati.
"Nilitafuta kila mahali," akasema. "Hata ndani ya unga.
Vifungo sikuvifikiria."
Kisha akarudi bandani.

Ufunguo wake hukaa chini, kati ya viti,
kama siri ya watu wawili.
Injini ilikohoa, ikatema wingu la buluu,
kunguru wakahama paa.
Tukatoka taratibu hadi barabara ya lami.
"Sasa," akasema, akakanyaga.

Hakuna kitu.

Nilihesabu moja. Nilihesabu mbili.
Gari lilikuwa linafikiri.
Nikafungua mdomo kumwambia pole,
na hapo nyuma ya mgongo wangu kukaja mkono,
mkono mpana, bila hasira,
ukanibandika kwenye kiti, pole yangu ikabaki kooni,
na misonobari ikaanza kukimbia.

Jarkko alikuwa anacheka, au kitu kama hicho.
Mlango wa kushoto ulikuwa unapiga kelele.
Aliushika kwa mkono mmoja. Nikainama,
nikapitisha mkono wangu mbele yake, nikaushika pamoja naye,
mpaka Lokalahti.